Tausi Wawili kwenye Shuka Nyeupe

Nilipokuwa mtoto nililala juu ya tausi. Alikuwa mwekundu, ametariziwa kwa mkono kwenye foronya nyeupe, na kwa kuwa nyuzi zake zilikuwa nene, zimeinuka kama mishipa ya mkono wa mkulima, asubuhi niliamka na mkia wake umechapwa shavuni mwangu. Wenzangu shuleni waliuita ugonjwa. Mwalimu mmoja aliniita pembeni akaniuliza kwa upole kama nyumbani tunaishi kwa amani. Ungemwelezaje mtu mzima kwamba usiku kucha umekanyagwa usoni na ndege wa mama yako?

Sasa nimepita hamsini. Nina shahada mbili ambazo hazijawahi kunisaidia kufungua mlango uliokwama, naandika makala zinazosomwa na watu wanaosubiri zamu yao kwa kinyozi, na bado nikiona uzi mwekundu juu ya kitambaa cheupe miguu inasimama yenyewe. Nimewahi kusimama njiani Dadamu, kwetu, nje kidogo ya mji wa Arua huko Uganda, mbele ya kamba ya kuanikia nguo ya watu nisiowajua, mpaka mbwa wao akaja kuuliza shida yangu. Dukani Arua hainitokei hivyo. Yale mashuka yenye waridi za mashine, kila ua limefanana na mwenzake kama picha nne za pasipoti, nayapita bila kugeuka. Ninachotafuta ni pale mkono ulipochoka: jani moja limekuwa refu kuliko wenzake, jicho la ndege limekaa karibu mno na mdomo, na unajua kwamba hapo mwanamke fulani aliitwa jikoni, chungu kilikuwa kinafurika.

Shuka hizi kwetu tunaziita milaya. Wengine huzitarizi kwa rangi zote za dunia, na kina mama waliotoka upande wa Sudan wanajua kuzifanya zing'ae kama bustani baada ya mvua. Lakini katika ukoo wa mama yangu ni nyekundu juu ya nyeupe, basi. Babu mzaa mama alikuwa askari, mwana wa askari, miongoni mwa wale Wanubi wa Koboko ambao wazee wao walikuja na jeshi kutoka Sudan wakasahau kurudi. Nyumbani kwake Kiswahili kilikuwa cha kuamrisha na Kinubi cha kubembeleza. Alikuwa na mabinti wawili. Mkubwa alibaki Koboko, karibu na msikiti, na ndiye ninayemwita mama mkubwa. Mdogo alichukuliwa Arua na mwalimu wa shule, Mlugbara mwenye baiskeli na Biblia, na ndiye mama yangu.

Shuka ya harusi katika ukoo huo haitariziwi na mtu mmoja. Kitambaa hukatwa vipande viwili virefu. Wanawake wawili wa upande wa bibi harusi huchukua kila mmoja nusu yake, akatarizi nyumbani kwake tausi mmoja mkubwa na ukingo wa maua. Harusi ikikaribia huketi pamoja kwenye mkeka na kuunga nusu mbili katikati: huyu anaanzia upande wa kichwani, yule upande wa miguuni, mpaka sindano zikutane. Shuka iliyoungwa na mkono mmoja haitandikwi kitanda cha harusi. Hutandikwa cha wageni, na kila mgeni akiiona anajua kuna watu hawasemezani.

Binti yangu alipochumbiwa, hapakuwa na swali nani angetarizi. Mama angekuwa na nusu moja, mama mkubwa nusu nyingine. Swali lilikuwa ndege watazame wapi: nje, mgongo kwa mgongo, ndiko kunakoitwa mlangoni, au ndani, uso kwa uso.

Nilikuwepo. Tulikuwa kwa mama, Dadamu, simu iko mezani imepandishwa sauti, binti yangu anachambua maharage. Hawa wawili wakiongea mambo ya kawaida hutumia Kinubi. Niliposikia wamehamia Kiswahili nilijua tumeshaingia kambini.

"Tausi naangalia mulango," alisema mama mkubwa kutoka Koboko. "Ndege iko mlinzi. Mutu akiingia, naonekana."

"Mlinzi ya nini?" mama akajibu. "Hii ni kitanda ya harusi ama ni bariki ya askari? Ndege mbili ya harusi naangaliana. Ukigeuza mgongo namna ile, mtoto itatoka wapi?"

Ungo wa maharage ulimponyoka binti yangu.

"Mama yetu alishona naangalia mulango."

"Mama yetu alishona naangaliana!"

"Wewe mtoto, sikia."

"Mimi mtoto? Na hizi mvi?"

"Wewe mtoto. Uliondoka nyumbani ungali msichana. Shuka ya mama uliona wapi? Wewe uliona mgongo ya mume yako tu, juu ya baiskeli."

Kwa masikio ya mgeni, huo ni utani wa dada wawili. Lakini mama alikitazama kile kisimu kama mtu aliyetemewa mate, kisha akabonyeza kitufe chekundu kwa kidole gumba, akaendelea kukibonyeza muda mrefu baada ya simu kukatika.

Bibi yangu, mama yao, alifariki mama akiwa Arua, na mimi tumboni, siku zangu zimekaribia sana. Walimkataza kusafiri. Alipofika Koboko, nimefungwa mgongoni mwake, matanga yalikuwa yameisha na milaya za marehemu zimeshagawanywa kwa waliokuwepo. Hakuna aliyemdhulumu, ndivyo ilivyofanyika, waliokuwepo waligawana na asiyekuwepo hakuwepo. Akarudi Arua na mtoto badala ya shuka, na wale mliosoma makala zangu mnaweza kuamua kama alipata faida. Tausi wa foronya yangu alimtarizi mwenyewe kwa kukumbuka. Kwa hiyo kumuuliza mama yangu aliona wapi shuka ya mama yake ni kumgusa pale ambapo hapaguswi. Mama mkubwa alilijua hilo. Nadhani alilijua sekunde moja baada ya kulisema, na kwa watu wa umri wao sekunde moja ikishapita, imepita.

Wakaacha kupigiana simu. Kazi hawakuiacha, kwa kuwa harusi haingojei watu wapatane. Mimi nikawa tarishi kati ya Dadamu na Koboko, cheo cha juu kabisa nilichowahi kupewa na ukoo huu.

Nilibeba karatasi ya mchoro. Ilikuwa karatasi ngumu ya kaki yenye umbo la tausi lililotobolewa kwa sindano, vitundu vidogo vidogo. Unailaza juu ya kitambaa, unapitisha juu yake kitambaa kilichochovywa unga wa mkaa, ukiiondoa ndege amebaki kwa vidoti. Ukiigeuza karatasi, ndege naye anageuka. Nilibeba uzi pia. Kabla ya kutumika, uzi mwekundu hulowekwa kwenye maji moto yenye chumvi, kisha hubanwa ndani ya kipande cheupe usiku mzima. Asubuhi kipande kikiwa na wekundu wowote, uzi huo ni wa kufungia mifuko. Rangi ikichuja kwenye shuka ya harusi mara ya kwanza kufuliwa, hiyo si shuka tena, ni habari. Mama mkubwa aliwahi kunirudishia mafungu yote niliyonunua, bila neno, akiwa ameyafunga ndani ya kipande cha kupimia. Kilikuwa na rangi ya ulimi.

Tausi mwenyewe, niseme, hakuna mtu wa Koboko aliyewahi kumwona. Mwili wake kwenye shuka zetu ni wa kuku, tena kuku wa Midia ya jirani, mwenye mapaja. Mkia tu ndio unaotoka mbali.

Kila nilipotoka Koboko, mama alinipa chakula kwanza, akaniacha nile nusu, ndipo aulize kama mtu anayeuliza bei ya chumvi.

"Amesema nini?"

"Amesema uzi umekaribia kuisha."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu, mama."

"Hakusema kama atakuja?"

"Hakusema."

Alirudi kwenye sindano yake. Alikuwa akitarizi karibu na dirisha, na nikiingia aliifunika kazi kwa taulo. Hakujali tausi watazame wapi tena, hilo niliweza kuliona hata mimi. Alikuwa anahesabu moyoni kama dada yake angekuja kukaa upande wa pili wa mkeka. Kama asingekuja, mjukuu wake angeolewa bila shuka, na wao wawili, katika umri ule, wangezoea kunyamaziana. Watu wanazoea haraka kuliko wanavyodhani.

Nilijaribu kusuluhisha, kwa kuwa nimesoma. Nilimwendea mama mkubwa nikiwa na pendekezo la haki kwa pande zote: tuwaache ndege, tutarizi maua matupu. Maua hayana mgongo.

Alinitazama kwa huruma. "Mtoto wangu," alisema, "maua ni ya mutu hajui ndege."

Nilibadili njia. Nilimuuliza kwa nini hasa nyekundu na nyeupe, maana kichwani nilikuwa nimeshaandaa makala nzima: damu na maziwa, uhai na usafi, aya kumi na mbili. Alikuwa ametupa ushungi juu ya kazi yake ili nisiione, na mkono ulikuwa unaendelea kushona humo ndani, kama panya chini ya blanketi.

"Nyeupe peke yake ni sanda," alisema. "Unaweka nyekundu, mutu anajua hapa iko watu wazima wanalala."

Nilimpelekea mama jibu hilo, nikitumaini lingemchekesha. Alicheka kweli. Kisha akaacha. "Hiyo ni maneno ya mama yetu," alisema. "Yote ya mama yetu iko kwake."

Juma la harusi mama mkubwa alituma ujumbe kupitia kwangu: atakuja kuunga, kwa sababu ya mtoto. Ataunga, atarudi siku hiyohiyo. Alikodi gari la kumsubiri, ili jambo lisiwe na utata.

Mama alifagia ua mara mbili. Alitoa mkeka safi wa kuswalia, ambao yeye mama kanisa ameuhifadhi miaka yote kwa ajili ya mtu mmoja tu, akauegemeza ukutani, akaona unaonekana mno, akauficha nyuma ya kabati, akaona hauonekani kabisa, akautoa tena. Mimi niliambiwa nikae mahali nisipokuwa njiani.

Mama mkubwa aliingia na mkoba begani na tobe yake, vazi la kujizungushia mwilini, imefungwa kwa safari. Alikaa ukingoni mwa kiti. Mkoba ulibaki mapajani, mikono miwili juu yake, kama mtu aliye kwenye foleni ya benki.

"Salaam aleko, dada."

"Aleko salaam. Umeamka?"

"Nimeamka. Kule nyumbani?"

"Iko salama."

"Soda?"

"Hapana. Gari nangoja."

Nimehudhuria mikutano ya wafadhili iliyokuwa na joto zaidi.

Mkeka wa kushonea ulitandikwa chini. Mama akaleta nusu yake, mama mkubwa akatoa yake mkobani, na kila mmoja akakunjua bila kumtazama mwenziwe. Binti yangu alizisogeza zikakutana kingo kwa kingo. Tukasimama kutazama.

Walikuwa wazuri, hilo lisemwe kwanza. Wekundu ule juu ya weupe ule, katika chumba cha sakafu ya saruji, ulikuwa kama mtu ameingia na kutamka jina lako. Lakini ndege wote wawili walitazama upande mmoja. Hawakuangaliana, wala hawakupeana migongo. Mmoja alikuwa nyuma ya mwenzake, anamtazama mkia.

Basi, nikasema moyoni, kila mmoja ameshika lake. Mmoja alitaka mlango, mwingine alitaka waangaliane, na wazee hawa wangeshindana hata kaburini. Nilianza kutafuta maneno ya kumwambia binti yangu kuhusu mashuka ya dukani.

Mama alikuwa amepiga magoti. Alikuwa hatazami ndege wake. Alikuwa anamtazama wa dada yake.

"Hii yako naangalia wapi?" aliuliza taratibu.

"Naangalia ndani," alisema mama mkubwa. "Naangalia mwenzake. Si wewe ndiyo ulitaka ndani?"

"Lakini yangu naangalia mulango."

Mama mkubwa aliinama, mkoba ukaanguka, hakuuokota.

Ndivyo ilivyokuwa. Tausi wa Koboko, aliyeapiwa kwamba atalinda mlango, alikuwa amegeuzwa ndani kumtazama mwenzake, kama alivyotaka mama. Na tausi wa Dadamu, ambaye mama alipigania aangaliane na mwenzake, alikuwa amegeuzwa nje, kwenda mlangoni, kama alivyotaka mama mkubwa. Kila mmoja peke yake, huko nyumbani kwake, aliigeuza karatasi ya mchoro ili kumpa mwenzake haki, na hakuna aliyekubali kuinua simu na kusema.

"Nani alikuambia unisikilize?" mama mkubwa alifoka. "Tangu lini wewe nasikia maneno yangu?"

"Na wewe? Kichwa ngumu kama hiyo, leo ndiyo imelainika?"

"Umeharibu shuka!"

"Mimi? Wewe ndiyo umeharibu! Ungekaa na ubishi yako kama siku zote, sasa ndege zote mbili naangalia mulango, kazi imekwisha!"

Kicheko cha mama mkubwa huanzia mabegani. Mabega yakatikisika, tobe ikateleza, kisha sauti ikatoka, na mama akaanguka kwa ubavu juu ya tausi wake, machozi yanamtoka. Binti yangu alinitazama kuuliza kama hili ni jambo zuri. Nilimwonyesha kwa mkono kwamba angoje.

Walipopata pumzi wakaanza ugomvi mpya, nani afumue. Mama alisema atafumua wake. Mama mkubwa alisema haiwezekani, yeye ndiye mkubwa, atafumua wake. Mama alisema mkubwa hafumui. Wote wawili walijua haifai kufumua: uzi mwekundu ukitoka kwenye kitambaa cheupe unaacha vitundu vyenye kivuli cha waridi, na hakuna sabuni inayokiondoa. Lakini walikuwa na hamu ya kupeana.

Binti yangu ndiye aliyemaliza. Alizunguka mkeka, akawatazama ndege kutoka upande wa miguuni, akasema:

"Bibi, msifumue. Huyu wa mbele ni mume, anatoka. Huyu wa nyuma ni mimi, namfuata nijue anakwenda wapi."

"Ee!" mama mkubwa akapiga kofi. "Huyu mtoto iko na akili. Huyu hapana toka kwa baba yake."

Nilipokea uamuzi huo kwa unyenyekevu.

Wakaketi kuunga, mama upande wa kichwani, mama mkubwa upande wa miguuni. Mishono ya kuungia ni midogo, haitakiwi kuonekana, na mama mkubwa kila baada ya kuvuta uzi alikuwa anautazama mkia wa tausi wa mama, kwanza kwa jicho la pembeni, halafu waziwazi. Mwisho akaugusa. Manyoya ya mwisho yalikuwa yamefungwa kwa kifundo kidogo mara mbili, jambo ambalo mkia wa ndege wake haukuwa nalo.

"Hii ya kufunga mara mbili," alisema. "Mama alikuwa nafanya hivi."

Mama aliendelea kushona.

"Mimi nilisahau," alisema mama mkubwa. "Shuka yake ile yangu iliisha zamani, tulilalia mpaka ikapasuka. Nilisahau kabisa. Wewe nani alikufundisha?"

"Hakuna mutu. Niliangalia."

"Uliangalia."

"Nilikuwa nakaa hapo chini, karibu na mguu yake. Niliangalia."

Mama mkubwa alitikisa kichwa taratibu kwa muda mrefu. Sikusikia akiomba radhi, na sijui kama katika Kinubi chao kuna namna ya mkubwa kumwomba radhi mdogo. Alichosema ni: "Utanionyesha." Mama akasema, "Lete mkono." Mama mkubwa akahama na mto aliokalia kutoka upande wa miguuni, akaja kukaa bega kwa bega na mama, jambo ambalo kwa kanuni za kuunga shuka ni kosa kubwa. Hakuna aliyelitaja.

Huko nje gari lilipiga honi. Nikiwa mtu wa kujali ratiba, nilichungulia nikasema kwa heshima, "Mama mkubwa, dereva anakumbusha kwamba alasiri imekaribia."

Wote wawili waliniinulia macho kwa pamoja. Nimetazamwa hivyo na wahariri, lakini si wawili kwa wakati mmoja.

"Wewe mutu ya vitabu," alisema mama, "kwani huna miguu?"

Nikatoka. Dereva alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma na kupangusa kiti.

"Mama nakuja?"

"Hapana. Wewe rudi tu Koboko."

"Nimfuate kesho?"

Niligeuka. Kupitia mlango uliokuwa wazi niliwaona wameinama kichwa kwa kichwa juu ya mkia mmoja, na mshono wa katikati ukiwa umesahaulika, sindano mbili zimechomekwa kila moja mwisho wake, mbali sana na kukutana.

"Sijui," nilimwambia. "Wanashona polepole."